Mahali Penye Kimya Kati ya Spika Mbili

Usiku wa harusi Kabambare, mashariki ya Kongo, jenereta imefichwa nyuma ya nyumba ili isiwasumbue wageni, na inawasumbua vilevile. Mbele ya uwanja wa kuchezea kuna spika mbili, kila moja juu ya meza ya kuazima, mita 6 kati yao. Watu wa huku huziita mabafle, neno lililochumwa kwenye Kifaransa na kuvishwa kiambishi cha Kiswahili bila kuombwa ruhusa. Muziki umeanza. Mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele, katikati kabisa, mahali pa heshima, anamwita fundi kwa mkono.

"Fundi, mbona besi imekufa?"

Fundi yuko pembeni, karibu na bafle la kulia. Besi inamtikisa kifua. "Mama, besi iko. Si unasikia?"

"Mimi nasikia gitaa na nyuki tu."

Fundi anaongeza sauti. Nyuki wanaongezeka. Wageni wa pembeni wanamwangalia mama kama mtu aliyekuja na neno lake moyoni, na mama anamwangalia fundi kama mtu aliyekodisha vyombo vibovu kwa bei ya vizima. Hakuna mwongo kati yao. Pale alipo fundi besi inalia, na pale alipo mama haipo. Tuwaache hapo kwa muda, maana kisa chao kina historia ndefu kuliko jenereta, na sehemu yake moja ilipita katika mji huuhuu.

David Livingstone alifika hapa Septemba 1869. Katika maandishi yake mji anauita Bambarre, na chifu mkubwa aliyesikia habari zake njiani alikuwa ameshafariki. Mzee wa Kiskoti alikuwa akiutafuta mto Lualaba, akitumaini kuwa ndio chanzo cha Nile. Vidonda vya miguu vikamkatalia. Tangu Julai 1870 hadi Februari 1871 alikuwa mgonjwa wa kukaa, akisoma Biblia upya na upya na kungoja shehena kutoka pwani. Aliishiwa karatasi, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Barua moja aliyomwandikia rafiki yake Horace Waller kutoka Bambarre mwezi ule wa Februari ilififia mpaka ikawa haisomeki, na ilisomwa tena mwaka 2010 baada ya wataalamu kuipiga picha chini ya nuru za mawimbi mbalimbali. Naitaja kwa sababu aliyeushawishi ulimwengu wa kisasa kwamba nuru ni mawimbi alianza kazi hiyo kwa kusikiliza sauti. Tutakutana naye baadaye kidogo.

Kabambare ilikuwa kituo cha misafara. Njia ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Mtowa, ikapanda milima na kushuka Kabambare, kisha Kasongo, kisha Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Kwa njia hiyo zilikuja bunduki na shanga na vitambaa, na kwa njia hiyohiyo zikatoka pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Kwa njia hiyo pia kilikuja Kiswahili. Waungwana wa misafara walikiongea, waliotaka kuhesabiwa miongoni mwa waungwana wakajifunza, na lugha yenyewe ikaitwa Kingwana. Wengine walichukuliwa kwenda upande wa pili: Wamanyema wa Ujiji na wa Kariakoo, Dar es Salaam, ni jina la nchi hii lililotembea.

Mtu mkubwa wa Kasongo katika miaka ya 1870 na 1880 alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, na ni jambo la kufikirisha kwamba dunia nzima inamjua kwa mlio. Wapo wanaosema aliitwa Tippu Tip kwa sababu ya kupepesa macho. Lakini katika tawasifu yake, moja ya vitabu vya kale vya nathari ya Kiswahili, jina linatokana na bunduki zake: wenyeji waliosikia zikilia walizieleza kwa sauti waliyoisikia, tip tip. Bwana wa nchi akabaki na jina la kelele.

Kelele ya bunduki, hata hivyo, haina maneno. Chombo kilichokuwa na maneno kilikuwa kimeshawatangulia waungwana kwa muda mrefu.

Msafiri Stanley aliondoka Nyangwe Novemba 1876 baada ya kupatana na Tippu Tip amsindikize. Akiteremka mto aligundua kwamba habari zake zilikuwa zikifika kijijini kabla yake. Aliandika juu ya ngoma kubwa za mti ambazo kwa kupigwa mahali tofauti zilisema mambo yaliyoeleweka kama mdomo ungesema. Hizo si ngoma za ngozi. Ni gogo lililotobolewa kwa ufa mwembamba na kukombwa ndani, kazi ya siku nyingi, kwa sababu fundi anachonga kwa kupitisha patasi kwenye ule ufa na haoni vizuri anachokikomba. Anakomba upande mmoja zaidi ya mwingine. Midomo miwili ya ufa hubaki na unene tofauti, basi mmoja hutoa sauti ya juu na mwingine ya chini. Na karibu kila mahali watu husema mmoja ni wa kiume na mwingine wa kike. Watetela, majirani wa magharibi ya Lualaba, huiita yao lukumbi, nayo ina umbo la kabari, nyembamba juu na pana chini.

Ngoma ya midomo miwili inawezaje kuongea? Jibu liko kwenye lugha zenyewe. Kitetela, Kilega, na lugha nyingi za msitu ni lugha za toni: neno halikamiliki kwa konsonanti na irabu tu, lina pia wimbo wake, silabi hii juu, ile chini. Mpigaji huacha konsonanti na irabu nyumbani akatuma wimbo peke yake. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Yakusu karibu na Kisangani mwaka 1938, alikaa na Walokele mpaka wakampa jina la ngoma, na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu ya jambo hilo. Alieleza jinsi wapigaji walivyoepuka kuchanganya maneno yenye wimbo mmoja. Mwezi na kuku kwa Kilokele vina toni zilezile. Kwa hiyo ngoma haisemi "mwezi" ikaishia hapo, inaongeza kwamba ni ule unaoitazama dunia kutoka juu, na kuku ni yule mdogo mwenye mlio wake. Ujumbe mfupi ukawa mrefu, na kwa urefu huo ukawa salama. Ngoma ilisikika kilomita kadhaa, mbali zaidi alfajiri na usiku wakati hewa ya juu ya mto imepoa, na kijiji kilichopokea kiliweza kupokeza.

Sasa jaribu kuipigia ngoma hiyo Kiswahili. Mama. Baba. Kuku. Ndizi. Nyumba. Bunduki. Kiswahili kilikwisha kupoteza toni zamani, na badala yake kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Ukituma wimbo wa "kuku" umetuma pia wa "ndizi" na wa "mama", na hakuna nyongeza itakayokuokoa kwa sababu nyongeza nayo itakuwa na mkanyago uleule. Pwani walikuwa na mbiu, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini ni jambo gani, lazima mtu atumwe akaulize. Kwa hiyo Kingwana, lugha iliyotawala njia yote ya misafara, ilikuwa lugha ya mtu aliye mbele yako. Mwenye bunduki alimiliki Kasongo. Usiku, ng'ambo ya mto, wenyeji waliongea mbali kwa lugha ambazo yeye hakuzijua, kwa chombo ambacho lugha yake isingeweza kukitumia. Mimi huona hilo kama kisasi cha kimyakimya, ingawa neno kimya hapa limekaa vibaya.

Watu wa pwani nao walikuja na elimu yao ambayo haikuhitajika msituni. Waliijua bahari. Kila baharia wa Bagamoyo, Kilwa au Lamu anajua kwamba maji hayajai sawasawa mwezi mzima. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa mno na kupwa mno: hilo ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji husitasita, hayapandi sana wala hayashuki sana, na hayo huitwa maji mafu. Jina zuri sana. Maji hayakufa kwa kukosa nguvu. Jua linavuta bahari na mwezi unavuta bahari, na nguvu ya jua ni chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi. Vikivuta pamoja, kilele hukaa juu ya kilele. Mwezi ukiwa nusu, kilele cha maji ya jua huangukia kwenye bonde la maji ya mwezi na kulijaza. Nguvu mbili zinafanya kazi kwa bidii, na matokeo ni maji mafu. Kama jua lingekuwa na nguvu sawa na mwezi, siku hizo bahari isingepanda kabisa.

Bahari kama hiyo ilikuwepo, au ilionekana kuwepo. Mwishoni mwa karne ya 17 Mwingereza mmoja, Francis Davenport, alileta habari kutoka bandari ya Batsha katika pwani ya Tonkin, kaskazini ya Vietnam ya leo: huko maji hujaa mara moja tu kwa siku, na kila baada ya wiki mbili hivi hukaa siku nzima bila kujaa wala kupwa. Isaac Newton aliiingiza habari hiyo katika kitabu chake cha 1687. Alisema maji hufika Batsha kwa njia mbili za bahari, moja ikichelewa saa 6 kuliko nyingine, na yanapofika kwa nguvu sawa hufutana. Wataalamu wa leo wana maelezo mengine ya ghuba ile, lakini wazo lilikuwa limeshatiwa kwenye karatasi. Newton hakulipeleka mbele. Kwake nuru ilikuwa chembe, na mambo ya maji aliyaacha majini.

Aliyelichukua ni Thomas Young, aliyezaliwa mwaka 1773, daktari wa London ambaye wagonjwa hawakumpenda sana na lugha za kale zilimpenda mno. Baadaye ndiye aliyesaidia kuyafungua maandishi ya Misri ya kale. Mwaka 1800 aliwasomea wenzake wa Royal Society andiko juu ya sauti na nuru. Wanamuziki walikuwa wamejua kwa muda mrefu kwamba filimbi mbili zilizokaribiana sauti bila kulingana hutoa mpigo, wuu, wuu, wuu, ukipanda na kushuka. Hilo ni bamvua na maji mafu yakifuatana mara kadhaa kwa sekunde. Young alieleza kwamba mawimbi ya hewa hujumlishwa: yakiafikiana hukua, yakipingana hupungua, na yakipingana kwa nguvu sawa hunyamaza. Kisha, kuanzia 1801, akathubutu kusema nuru nayo ni hivyo, na kwamba nuru mbili zikikutana vibaya huzaa giza. Alipohitaji ushahidi kwamba hakulizua wazo hili, alilitaja fumbo la maji ya Batsha.

Henry Brougham alimshambulia katika jarida la Edinburgh Review kwa ukali wa mtu asiyeelewa anachokishambulia. Young akajibu kwa kijitabu. Kwa maelezo yake mwenyewe, iliuzwa nakala moja.

Chukua uma wa chuma unaotumiwa na wapiga vinanda, ule unaolia noti moja, uugonge, uuweke karibu na sikio, kisha uuzungushe polepole kati ya vidole. Sauti itapotea mara 4 katika mzunguko mmoja na kurudi mara 4. Meno mawili ya uma hayajaacha kutikisika; yapo mahali ambapo linachokisukuma jino hili jino lile linakivuta. Hapo una spika mbili mkononi, zaidi ya miaka mia moja kabla ya spika.

Turudi Maniema, nchi ya Kabambare na Kasongo, ambako mambo yaligeuka upesi. Vita kati ya Dola Huru ya Kongo na waungwana vilianza 1892. Machi 1893 majeshi ya Francis Dhanis yaliingia Nyangwe, Aprili yakaingia Kasongo, na mwanzoni mwa 1894 Kabambare nayo ikaanguka. Sefu, mwana wa Tippu Tip, alikuwa ameshauawa vitani. Kasongo ya kale iliachwa na mji ukahamishwa. Mahali pale pa kwanza panaitwa Tongoni, jina ambalo msomaji wa pwani hahitaji kutafsiriwa. Wabelgiji walileta kengele za misheni na tarumbeta za askari. Kingwana hakikuondoka. Kilibaki lugha ya soko, ya kambi na ya swala, kikiwa bado hakina ngoma yake.

Ngoma yake ilikuwa ikiundwa Marekani. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg walieleza spika ya namna tunayoitumia mpaka leo: koni ya karatasi, koili ya waya mwembamba nyuma yake, na sumaku. Umeme ukipita upande mmoja koni hutoka mbele. Ukigeuka, koni huingia ndani. Inasukuma hewa na kuivuta. Haijali kama lugha ina toni au haina, kama ni Kilega au Kiswahili au mbuzi analia. Yote kwake ni kutoka na kuingia.

Léopoldville, Kinshasa ya leo, ndiyo iliyoionja kwanza kwa wingi. Mwaka 1939 Jean Hourdebise alianzisha kituo cha binafsi kilichoitwa Congolia, na vipaza sauti vikafungwa kwenye njia panda za mitaa ya Waafrika ili wasio na redio wasikie. Kuanzia 1949 Radio Congo Belge ikawa na matangazo maalumu kwa Waafrika, na Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Sasa mtu wa Maniema aliweza kusikia Kiswahili kutoka mbali kuliko ngoma yoyote iliyowahi kuchongwa, na kila neno likiwa neno: kuku akiwa kuku, ndizi ikiwa ndizi. Aliyekuwa akiongea, bila shaka, ni serikali.

Ila kilichofika Maniema kwa masafa mafupi kilifika kikiyumba. Waliokua na redio ya transista wanakumbuka: sauti ya mtangazaji inakuja imejaa, inapungua, inazama kabisa, inarudi. Mzee anaigeuza redio, anainua antena, anaipiga kofi kidogo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, na nadhani hakuna aliyeisikiliza Kongo ya mashariki miaka ile bila kujifunza kungoja sentensi irudi. Wengi walilaumu betri. Kosa lilikuwa la mbinguni. Wimbi la redio huruka likagonga tabaka la juu la hewa na kurudi chini, na mara nyingi humfikia msikilizaji kwa njia mbili, moja ndefu kuliko nyingine. Tabaka lenyewe halitulii. Njia zinabadilika urefu, na mawimbi mawili ya kituo kimoja yanaafikiana, yanapingana, yanaafikiana. Bamvua, maji mafu, bamvua.

Edward Appleton wa Uingereza aliitumia kasoro hiyohiyo kama rula. Desemba 1924, akiwa na Miles Barnett kutoka New Zealand, aliomba mtambo wa BBC wa Bournemouth ubadilishe urefu wa wimbi kidogo kidogo baada ya matangazo ya kawaida kumalizika, naye akiwa Oxford akahesabu mara ngapi sauti inapanda na kuzama. Kutokana na hesabu hiyo alipata umbali wa lile tabaka linalorudisha mawimbi: kilomita 90 hivi kwenda juu. Mwaka 1947 alipewa Tuzo ya Nobel. Mzee wa Kasongo alipokuwa akiipiga redio yake kofi, alikuwa akisikiliza kipimo cha kimo cha mbingu.

Wakongo wenyewe hawakungoja kupewa vipaza sauti. Kinshasa, Mingiedi Mawangu aliyetoka upande wa mpaka wa Angola alianzisha kundi la Konono N°1 katika miaka ya 1960. Alitaka likembe, kinanda kidogo cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, isikike juu ya kelele za mji. Akatengeneza vinasa sauti kwa sumaku za magari mabovu, akaitoa sauti kwa honi kubwa za zamani ambazo Kinshasa huziita lance-voix, virusha sauti. Ilitoka imekwaruza, imepasuka, na watu wakaipenda hivyo hivyo. Albamu yao ya 2004 iliwapeleka Ulaya na Marekani. Sioni uvumbuzi mwingine wa Kongo ulio mwaminifu kwa ngoma ya mti kama huo: sauti inayosafiri mbali si lazima iwe safi, inatakiwa itambulike.

Hatimaye mabafle yakawa mali ya kukodi, na jenereta ndogo ikayafikisha mpaka Kabambare. Tangu Februari 2002 Radio Okapi imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine nne, ikisikika vizuri kwa masafa ya FM katika miji inakofika. Honi za misikiti zinaita pande mbili kutoka juu ya nguzo moja. Na kwenye harusi spika hufungwa mbili, kwa sababu moja ni umaskini.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Katika hewa ya nyuzi 20, sauti hutembea mita 343 kwa sekunde. Noti ya mitetemo 343 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita 1. Noti nzito ya besi ya mitetemo 86 ina wimbi la mita 4 hivi. Ukisimama mahali ambapo umbali wako na spika moja umezidi umbali wako na nyingine kwa nusu ya wimbi, mita 2 kwa besi ile, kilele kinakukuta pamoja na bonde. Maji mafu. Sauti haikumalizika, imekwenda kwa jirani: mahali ambapo spika mbili zinaafikiana, nguvu ya sauti huwa mara 4 ya ile ya spika moja, wala si mara 2. Wimbo mzima haupotei kwa sababu kila noti ina urefu wake na kwa hiyo ina pa kufia pake. Ndiyo maana mtu akitembea mbele ya spika mbili husikia wimbo ukibadilika rangi, sauti ya mwimbaji ikiwa kama imetiwa kwenye mtungi, kisha ikitoka. Ukutani na kwenye mapaa ya mabati mambo huchanganyika zaidi, maana kila ukuta ni spika ya tatu. Uwanja wa wazi ndio unaoonyesha kimya vizuri. Honi mbili zilizoachana mita mia kadhaa ni tatizo jingine: hapo neno la pili linafika limechelewa karibu sekunde nzima na kulikanyaga la kwanza, na hata masikio mazuri hukata tamaa.

Wapo waliougeuza ubaya huo kuwa kazi. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza Marekani mwaka 1936 kwa wazo la kuua kelele kwa kelele iliyogeuzwa, na sasa rubani huvaa masikioni spika ndogo zinazofanya hivyo. Mama wa Kabambare alikuwa anapewa huduma hiyo bila kuiomba.

Maana katikati, pale alipokaa, umbali wa bafle moja na la pili ni sawa. Besi ilipaswa kuwa nene kuliko mahali popote. Ikifia hapo, fundi aliyefunzwa na miaka hahitaji Young wala Newton: mojawapo ya mabafle limeungwa kinyume. Likisukuma hili, lile linavuta.

Fundi wetu ameshaacha kubishana. Amezima muziki, na kwa mara ya kwanza jioni hii jenereta inasikika peke yake. Anachomoa waya za bafle la kulia, anatoa kwenye tochi yake betri moja, anagusisha waya nyekundu juu na nyeusi chini. Tak. Koni inaruka nje. Anavuka uwanja, watoto wakimfuata. Bafle la kushoto, nyekundu juu, nyeusi chini. Tak. Koni inaingia ndani. Kijana mmoja anacheka kabla hajajua anachekea nini. Mtu aliyelitengeneza bafle hili mara ya mwisho aliunganisha waya kwa rangi zilizokuwa mkononi mwake.

"Mama, unisamehe."

"Unganisha, mwanangu, wali unapoa."

Anazibadilisha, anakaza kwa meno, anawasha. Besi inafika katikati kama mtu aliyekuwa anagonga mlango muda wote. Mama hasemi neno. Anaanza kutikisa kichwa. Wachezaji wanarudi uwanjani.

Mita 8 kutoka kwenye mabafle, kwenye mstari uleule wa mbele, hatua nne kushoto kwa mama, amekaa mzee wa kofia ya mkono aliyekuwa ametulia tangu jioni, akifurahia besi kuliko wote bila kujua kwa nini. Anageuza sikio moja, kisha la pili. Anamtazama jirani yake, ambaye anacheza kwa mabega. Anainua mkono.

"Fundi."